Kurasa 60 kabla ya semina: namna ya kusoma kazi za kozi ya historia ya ustaarabu wa Magharibi

Kwenye muhtasari wa kozi, wiki ya tatu imeandikwa hivi: sura ya 4 ya kitabu cha kiada, Thucydides 2.35–46; makala moja ya kurasa 22. Mwanafunzi anakwenda steshenari pale Chumbageni, Tanga, anaomba kopi ya ukurasa wa 35 hadi 46 wa kitabu cha Thucydides, mwanahistoria wa Athens ya kale, analipa, anarudi geto na kurasa 12 za ugomvi wa miji miwili asiyoijua. Siku ya semina wenzake wanajadili hotuba ya mazishi ya Pericles, kiongozi wa Athens. Yeye anatazama dari.

Kosa si uvivu. Namba zile si za kurasa. Hiyo 2 ni kitabu cha pili, na 35–46 ni vifungu vyake. Ni sawa na mtu anayekuambia Baqara aya ya 255 au Mathayo 5:3. Hakuna anayefungua ukurasa wa 255. Maandishi ya kale ya Wayunani na Warumi karibu yote hutajwa hivyo, ndiyo maana tafsiri yoyote itakufaa, isipokuwa mhadhiri awe ametaja moja. Mwanafalsafa Plato ana namba zake za ajabu zaidi, kama 514a–520a kwa ule mfano wa pango. Hizo ni namba za kurasa za chapa ya mwaka 1578, nazo huchapwa pembeni mwa kila tafsiri nzuri hadi leo. Ukiona tafsiri ya intaneti isiyo na namba hizo pembeni, achana nayo, kwani semina nzima itakuwa inasema "tazama 515c" nawe huna pa kutazama.

Ukiwa bado steshenari, kagua kopi kabla ya kulipa. Vitu vitatu hukatika mara kwa mara: namba za kurasa zilizo chini kabisa, tanbihi, na ukurasa wa mwisho wa sura. Omba pia kopi ya ukurasa wa jina la kitabu na ule wa nyuma yake wenye mwaka wa kuchapwa. Utauhitaji utakapoandika insha, na wakati huo kitabu kitakuwa kimeazimwa na mtu wa mwaka wa pili.

Jua kwanza umepewa nini

Wanafunzi wengi husoma kila walichopewa kwa mwendo mmoja: mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kalamu ya rangi mkononi, kila sentensi ya tatu imepigwa njano. Kazi za kozi hii zina aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kusomwa. Kitabu cha kiada kinakupa mfuatano wa mambo. Chanzo cha msingi, yaani maandishi ya watu wa wakati ule wenyewe, kinakupa sauti ya mtu mmoja mwenye haja yake. Makala ya mwanahistoria inakupa hoja, na hoja hiyo kwa kawaida inapingana na ya mwanahistoria mwingine. Ukisoma chanzo cha msingi kama kitabu cha kiada, utamwamini kila mtu. Ukisoma makala kama kitabu cha kiada, utadhani ubishi wa mtu mmoja ndio ukweli uliokubalika.

Utaratibu unaofaa ni sura ya kiada kwanza, chanzo pili, makala mwisho. Kuanza na makala ni kuingia baraza la watu waliokwisha kugombana bila kujua wanagombania nini.

Muda wako usiukisie. Weka saa, soma kurasa 5 za kila aina, andika ulitumia dakika ngapi. Kama kurasa 5 zilikula dakika 25, kurasa 60 zitakula saa 5, na saa 5 hazipatikani usiku wa kuamkia semina, tena umeme ukiamua mambo yake. Zigawe katika siku tatu. Chanzo cha msingi chenye kurasa 8 kinaweza kuchukua muda uleule wa sura ya kurasa 20, na hilo si dalili ya udhaifu wako; lugha yake ni nzito na lazima kisomwe mara mbili.

Sura ya kiada

Hii isikucheleweshe. Soma aya ya kwanza, vichwa vyote vidogo, maelezo ya ramani na picha, aya ya mwisho. Dakika kumi hivi. Kisha geuza kila kichwa kidogo kuwa swali: "Kudorora kwa ukabaila" inakuwa "Kwa nini ukabaila ulidorora, na wapi kwanza?" Sasa soma ukitafuta jibu, ukipita haraka pasipo na jibu. Majina 40 ya wafalme hayahitaji kukaririwa. Chukua yale yanayojirudia chini ya zaidi ya kichwa kimoja.

Tarehe ndizo zinazoangusha watu, na zinaangusha kwa mambo madogo. Karne ya 16 ni miaka ya 1501 hadi 1600, kwa hiyo Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, na hoja zake 95 za mwaka 1517 yuko karne ya 16, si ya 15. Kabla ya Kristo hesabu inarudi nyuma: 431 KK, vita vya Athens na Sparta vilipoanza, inatangulia 404 KK vilipokwisha, na yote miwili imo katika karne ya 5 KK. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya 1917 yalitokea tarehe 7 Novemba kwa kalenda yetu, kwa sababu Warusi walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Mtu wa Tanga hashangai: saa mbili ya asubuhi kwetu ni saa nane kwenye tiketi ya ndege, na hakuna aliyekosea.

Chanzo cha msingi: uliza isnadi

Hapa ndipo kozi ilipo, na hapa ndipo pa kuweka nguvu.

Aliyepita madrasa anaijua kazi hii tayari. Hadithi haipokelewi kwa matini yake tu. Huulizwa isnadi yake, yaani nani kasikia kwa nani, na kama walionana. Fanya hivyo kwa kila chanzo. Alexander wa Makedonia alifariki 323 KK. Plutarch, ambaye maandishi yake juu ya Alexander hupangwa sana katika kozi hizi, aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye. Arrian naye ni wa karne ya 2 BK, lakini anawataja wapokezi wake: Ptolemy na Aristobulus, waliokuwa kwenye msafara wenyewe. Vitabu vya hao wawili vimepotea, kwa hiyo tunavisikia kwa mdomo wa Arrian tu. Ptolemy baadaye akawa mfalme wa Misri, mtu mwenye sababu zake za kutaka aonekane alikuwa karibu na bwana mkubwa. Ukishaandika hayo kwenye pambizo, umeanza kusoma historia.

Ile hotuba ya Pericles nayo ina mtego. Thucydides mwenyewe anakiri mapema katika kitabu chake cha kwanza (1.22) kwamba hotuba hakuzikumbuka neno kwa neno, aliwaandikia wasemaji yale aliyoona yanawafaa kusema, akishikamana kadiri awezavyo na maana ya jumla ya kilichosemwa. Basi ukiandika kwenye insha "Pericles alisema", umekosea kidogo. Andika "Thucydides anamfanya Pericles aseme". Tofauti ni ndogo kwenye karatasi ila kubwa machoni pa msahihishaji.

Ukishapata isnadi, tafuta mambo mengine matatu: aliyeandika alikuwa akimwambia nani, alitaka afanye nini, na jambo gani hakulitaja ingawa lilikuwa mbele ya macho yake. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa hiyo tulifanye kwa mfano.

Chukua Tamko la Haki za Binadamu na Raia, lililopitishwa na Bunge la Taifa la Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789. Lina ibara 17 tu. Wengi hulisoma kwa dakika kumi, huandika "Wafaransa walidai uhuru na usawa", hufunga daftari. Hao hawajasoma, wamekumbushwa walichokuwa wakikijua.

Mara ya kwanza lisome bila kalamu. Mara ya pili, kando ya kila ibara andika kitenzi kimoja: inatoa, inakataza, inaweka mpaka. Utagundua ibara kadhaa zinatoa haki kwa mkono mmoja na kuiwekea mpaka kwa mkono wa pili, na mpaka huo kila mara unaitwa sheria. Neno hilo linajirudia mno katikati ya Tamko. Kwa nini? Kwa sababu chini ya mfalme mtu aliweza kutiwa ndani kwa barua tu yenye muhuri, bila shitaka wala hakimu. Ibara ya 7, inayokataza kumkamata mtu nje ya sheria, inajibu barua hizo. Chanzo cha msingi mara nyingi ni jibu. Ukilijua swali, nusu ya ugumu umeondoka.

Sasa weka ibara mbili bega kwa bega. Ya 1 inasema watu huzaliwa na hubaki huru na sawa katika haki. Ya 17 inasema mali ni haki takatifu isiyovunjwa, isipokuwa kwa haja ya umma na kwa fidia. Mtumwa wa shamba la miwa la Saint-Domingue, koloni la Ufaransa wakati ule, leo Haiti, yuko wapi kati ya hizo mbili? Kwa ibara ya 1 yeye ni mtu. Kwa bwana wake yeye ni mali, na ibara ya 17 inamkinga bwana. Tamko halisemi kitu juu ya utumwa. Watumwa wa Saint-Domingue waliasi Agosti 1791, utumwa ukafutwa na bunge la Ufaransa tarehe 4 Februari 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Miaka hiyo yote ni ubishi juu ya nafasi iliyoachwa kati ya ibara ya 1 na ya 17.

Msomaji wa pwani ana la kuongeza ambalo kitabu cha kiada huenda kimeliruka. Mwaka 1776, miaka 13 kabla ya Tamko, Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Mwaka uleule Wamarekani walitangaza uhuru wao. Ukilileta hilo semina, lilete kwa utaratibu. Kusema "Wafaransa walikuwa wanafiki" ni hukumu, na hukumu haihitaji kusoma. Uliza waliokaa ndani ya Bunge lile walikuwa na mali gani, nani hakuruhusiwa kuingia, na nani alilichukua Tamko akalitumia dhidi ya walioliandika. Mwandishi Mfaransa Olympe de Gouges alifanya hivyo mwaka 1791 alipoandika tamko la haki za mwanamke kwa kufuata ibara hizohizo. Mwaka 1793 alikatwa kichwa.

Maneno yanayofanana na yetu

Neno usilolijua halina hatari kubwa, maana utalitafuta. La hatari ni lile unalodhani unalijua. "Dikteta" wa Roma ya jamhuri alikuwa ofisa aliyeteuliwa kihalali wakati wa dharura kwa muda usiozidi miezi 6. Ndiyo maana Julius Caesar alipofanywa dikteta wa maisha mwaka 44 KK watu walishtuka: cheo kilikuwa cha kale, muda wake ndio uliokuwa mpya. "Mtirani" wa Wayunani wa mwanzo ni aliyetwaa utawala bila kuurithi, hata kama alitawala vizuri. "Demokrasia" ya Athens iliwaacha nje wanawake, watumwa na wageni wakaazi, na nafasi nyingi za utumishi zilijazwa kwa kura ya bahati nasibu, si uchaguzi.

Hata jina la kozi linahitaji kusomwa. Neno la Kilatini ambamo Wazungu wamepata jina la ustaarabu linamhusu raia wa mji. Neno letu ustaarabu limetoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Na kando yake pwani ina neno lake jingine, uungwana. Maneno matatu, mizani mitatu ya kumpima mtu. Ukisoma mwandishi yeyote anayewaita wengine washenzi, uliza anapima kwa mizani ipi. Tengeneza orodha ya maneno kama haya nyuma ya daftari, neno na mwaka, kwa kuwa neno lilelile linabadilika maana kutoka wiki ya 2 hadi ya 10.

Makala ya mwanahistoria

Tafuta hoja kabla ya kusoma. Mara nyingi imejificha mwishoni mwa utangulizi, na inarudi katika aya mbili za mwisho. Iandike kwa Kiswahili chako, sentensi moja. Ukishindwa kuiandika kwa sentensi moja hujaielewa, rudi tena.

Kosa linalorudi kila muhula ni hili: mwandishi anaanza kwa kueleza maoni ya mpinzani wake, kwa heshima na kwa urefu, kurasa tatu nzima. Mwanafunzi anayanakili kama maoni ya mwandishi. Kisha inakuja "hata hivyo", na yeye ameshalala. Zungushia duara kila neno la kugeuza: hata hivyo, ilhali, licha ya, baadhi wamedai. Linaloanza baada ya "hata hivyo" mara nyingi ndilo la mwandishi; linaloanza baada ya "baadhi wamedai" ni la mpinzani.

Henri Pirenne, mwanahistoria wa Ubelgiji, ni zoezi zuri. Mazoea yalikuwa kusema ulimwengu wa Roma ulivunjika makabila ya Kijerumani yalipoingia na mfalme wa mwisho wa Magharibi alipoondolewa mwaka 476. Pirenne, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1937 baada ya kufa kwake, alikataa. Kwake yeye biashara ya Mediterania iliendelea baada ya 476, ikakatika Waislamu waliposhika pwani za kusini na mashariki karne ya 7. Ushahidi wake ni bidhaa zilizotoweka katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa: mafunjo, viungo, hariri, sarafu za dhahabu. Waliomjibu walikwenda kwenye sarafu na machimbo ya akiolojia, wakasema biashara ilikuwa imekwisha kudhoofu kabla ya hapo. Tazama ubishi ulipo: wote wanakubali kuna mkatiko, wanagombania lini na kwa nini. Semina za huku hupotea mara nyingi kwenye wiki hii, nusu ya darasa ikidhani Pirenne anautukana Uislamu na nusu ikidhani anausifu. Anazungumzia bandari na shehena. Mtu anayeiona bandari ya Tanga kila siku, akijua mji unavyonyamaza meli zikikoma, ana macho mazuri ya kumsoma.

Kwa kila makala chora mistari miwili katikati ya karatasi upate safu tatu: hoja, ushahidi, na tatu, kitu ambacho kingemfanya mwandishi awe amekosea. Safu hii ya tatu ikibaki tupu, hiyo si makala uliyoimaliza.

Kiingereza kikali

Maandishi haya yako kwa Kiingereza, tena tafsiri nyingine ni za karne ya 19, sentensi moja mistari tisa. Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Neno litafute likitokea mara ya tatu, au likiwa ndani ya sentensi inayobeba hoja. Sentensi ndefu ianze kwenye kitenzi kikuu: nani anafanya nini. Vishazi vingine vyote viweke kwenye mabano ya penseli, soma kiini, kisha virudishe kimoja kimoja. Na kila ukikuta kitenzi kisicho na mtendaji, kama "ardhi ilichukuliwa" au "amani ilirejeshwa", andika pembeni: na nani? Katika maandishi ya utawala mtendaji aliyefichwa ndiye kiini cha habari.

Kuhusu kugawana kazi kwenye kundi la WhatsApp: mgawane kuandika muhtasari, msigawane kusoma chanzo cha msingi. Muhtasari wa rafiki yako umeshachuja yale yasiyotajwa, na ndiyo utakayoulizwa. Madesa ya mwaka jana yana shida yake nyingine. Mhadhiri akibadilisha makala moja tu, desa zima linajibu swali la mwaka mwingine.

Soma pia kitenzi cha swali la insha kabla ya kuanza kusoma. "Eleza" inataka mfuatano na sababu. "Linganisha" inataka vigezo vilevile kwa pande zote mbili, si aya tatu za huku na tatu za kule. "Kwa kiwango gani" haijibiwi kwa ndiyo wala hapana.

Zoezi la wiki ya ubeberu

Wiki hii ikifika, weka mezani maandishi mawili. La kwanza ni Azimio Kuu la Berlin, la mkutano wa mataifa juu ya Afrika, la tarehe 26 Februari 1885. Katika ibara ya 6 mataifa yanaahidi kuwalinda wenyeji na kuinua hali zao. Katika ibara ya 35 yanazungumzia utwaaji wa pwani na wajibu wa kuwa na mamlaka ya kweli mahali hapo. Siku moja baadaye, tarehe 27, Kaisari wa Ujerumani aliipa hati ya ulinzi kampuni ya kikoloni ya Carl Peters. Agosti 1888 kampuni ilipoanza kushika miji ya pwani ya Mrima, vita vikalipuka Pangani, na Desemba 1889 Abushiri, kiongozi wa upinzani, akanyongwa hukohuko Pangani.

La pili ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima. Jina la utenzi huo linabeba mwaka 1307 Hijria, ambao unaangukia kati ya Agosti 1889 na Agosti 1890. Huu ni chanzo cha msingi, na safari hii lugha ngumu ni ya kwako, jambo ambalo mwanafunzi wa Ulaya hana. Usiusome kwa ulaini kwa sababu ni wa nyumbani. Uulize yaleyale: Hemedi alikuwa upande gani, alimwandikia nani, vina na mizani vimemlazimisha kubadilisha nini, nani hakumtaja. Kisha rudi kwenye Azimio na uhesabu ni mwenyeji gani wa Mrima aliyetia saini. Nusu ukurasa kwa kila andiko inatosha, na swali moja la kwenda nalo semina, lililoandikwa kamili, lenye namba ya ibara au ubeti.